Kundi la Bado

Mwaka nilioanza kufundisha nilikuwa najua kila kitu, na sitii chumvi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ualimu Meknes nikiwa na daftari nene lenye maelezo ya jinsi akili ya mtoto inavyokua hatua kwa hatua. Nilipopangiwa shule ya kijiji kimoja juu ya Khenifra, huko ambako theluji hufunga barabara Januari nzima, nilivisikitikia vijiji vingine vyote kwa kunikosa.

Mwalimu mkuu, Si Haddou, yaani Bwana Haddou kwa desturi ya kwetu, alikuwa amefundisha pale miaka ishirini na sita. Alinipokea kwa adabu, akanipa ufunguo wa chumba, darasa la kwanza lenye watoto thelathini na mmoja, na shoka.

"Shoka la nini tena?" nikamuuliza.

"La kuni za jiko la darasani. Watoto wanaleta magogo, kupasua ni juu yako. Au Meknes hawakuwafundisha?"

Nilicheka kidogo, vile anavyocheka mtu anayemhurumia mwenzake. Niliamini kwamba kabla ya masika kuisha, Si Haddou angekuja kuniazima daftari.

Kiini cha daftari lile kilikuwa hiki. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, aliyetumia maisha yake yote kuwauliza watoto maswali, aligundua kwamba mtoto mdogo hudanganywa na macho yake. Mimina maji kutoka gilasi pana kwenda gilasi nyembamba, atakuambia yameongezeka, kwa kuwa yamepanda juu. Akifika miaka saba hivi, akili hupiga hatua, atakuambia maji ni yale yale. Sasa mwalimu akijua mtoto wake yuko hatua gani, hatamtwisha hesabu asizoziweza, wala hatamchelewesha aliyekwisha kuiva. Ni wazo zuri, hadi leo nalisema. Bahati yake mbaya ni kwamba lilifika kijijini kwa mkono wangu.

Daftari lilisema nitumie maji. Mimi nikaona maji hayana ladha. Chuoni walitusisitizia tutumie vitu vya mazingira ya mtoto, basi nikapika chai. Chai ya kijani, mnanaa, sukari ya kutosha, birika langu mwenyewe. Nikawaita watoto mmoja mmoja mezani kwangu, nikammiminia kila mmoja gilasi moja na mimi nikajimiminia moja, zikiwa sawasawa kabisa.

"Hii yangu, hii yako. Zinalingana?"

"Zinalingana, mwalimu."

Hapo naichukua yangu, naihamishia kwenye gilasi ndefu nyembamba niliyoinunua Meknes kwa kazi hiyo tu. "Na sasa? Nani ana chai nyingi, mimi au wewe?"

Tuda alikuja wa ishirini hivi. Alikuwa binti wa miaka saba aliyelelewa na bibi yake, mkimya kiasi kwamba unaweza kufunga darasa ukamsahau ndani. Aliitazama ile gilasi ndefu, akanitazama mimi, akasema, "Wewe, mwalimu."

Nikaandika. Kisha nikageuza jaribio: yangu ikarudi kwenye gilasi ya kawaida, yake nikaimimina kwenye ile ndefu. Sasa yake ndiyo imesimama juu. Mtoto anayedanganywa na urefu ilibidi aseme "mimi". Tuda akazitazama gilasi zote mbili vizuri, hakuwa na haraka.

"Wewe, mwalimu," akasema tena kwa upole.

Mtu mwenye akili timamu angeweka kalamu chini na kujiuliza kuna nini. Mimi nilichukua wino mwekundu nikaandika mbele ya jina lake: *Hata kukosea hakosei inavyotakiwa. Yuko chini ya hatua ya kwanza.* Niliona huo ni ugunduzi, nikajipongeza kwa gilasi ya chai iliyobaki.

Watoto kumi na tisa kati ya thelathini na mmoja walishindwa jaribio. Nikawaita Kundi la Bado, nikawaketisha upande wa dirishani, nikawapa maharagwe wayatenganishe kwa rangi, wakati wale kumi na wawili wakijumlisha na kutoa karibu na jiko. Kinara wa hao kumi na wawili alikuwa mtoto wa nesi, mgeni aliyetoka Rabat, aliyeniambia kwamba chai ni ile ile na tena sukari haikukolea. Nilimpenda sana mtoto yule.

Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na nne, nikaipeleka kwa mkaguzi wa elimu, Si Maati. Nikapendekeza kwamba mwezi wa sita Kundi la Bado lote lirudie darasa la kwanza. Si Maati akanijibu kwa barua kwamba ameona kazi ya kisayansi, na kwamba ataisoma mbele ya wakubwa mjini. Niliisoma barua ile mara nyingi hadi ikachanika mikunjoni. Kichwa kilivimba, kofia ya sufu ikanibana.

Mwezi wa nne, Si Haddou alinikuta napasua kuni.

"Hawa watoto wako wa maharagwe," akasema, "kweli wanarudia wote?"

"Wote. Ndivyo hatua zao zinavyodai."

"Na Tuda?"

"Tuda kuliko wote."

Akaokota kipande cha gogo, akakigeuzageuza. "Basi ujue. Ami yake Moha ameshasema. Msichana akirudia darasa la kwanza, shule imemshinda, anakwenda naye mlimani kuchunga. Na akishapanda kule harudi. Dada yake alipanda hivyo hivyo, sasa ana watoto wawili na hajui kusoma jina lake."

Habari hiyo ilinigusa, nisidanganye. Lakini mtu mwenye daftari hakosi jibu. "Basi nitakwenda nimweleweshe bibi yake habari za hatua," nikasema. "Akielewa yeye, atamtuliza Moha."

"Nenda Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Angalau utapata kuskusi, Ijumaa kila nyumba huipika. Hizo sardini za kopo zitakuua."

Ijumaa nikaenda. Bibi Mahjouba alikuwa akiishi na mjukuu wake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya malisho. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake mchana, maana mkate ulikuwa umeniishia, na harufu ya kuskusi ilinipokea nikiwa bado njiani. Nikavua viatu, nikaketi. Bibi akaweka sinia mbele yangu, vipunje vya ngano vilivyopikwa kwa mvuke, mboga saba juu na kipande cha nyama katikati.

"Karibu chakula, mwanangu."

"Ahsante, bibi, nimekula. Nimeshiba kabisa."

"Kidogo tu."

"Wallahi, bibi, hata punje haina pa kupita."

"Punje moja, kwa ajili yangu. Utaniaibisha nyumbani kwangu?"

"Basi kwa kuwa umenishikilia."

Nikala nusu ya sinia. Katikati nikakumbuka ustaarabu. "Na nyinyi je? Karibuni."

"Sisi tulikula zamani," akasema bibi. Tuda, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akameza mate. Nilimwona kabisa, nikaendelea kutafuna.

Nikaanza somo langu. Nilimweleza bibi juu ya hatua, juu ya macho yanayomdanganya mtoto, juu ya gilasi, hata juu ya niliyomwandikia Tuda kwa wino mwekundu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nielewe vizuri," akasema. "Huyu mjukuu wangu hajui kwamba chai ukiihamisha inabaki ile ile?"

"Bado hajafikia, bibi. Si kosa lake. Ni kama meno, hayalazimishwi."

"Ala."

Wakati huo jirani mmoja akapiga hodi, amekuja na bakuli. Pale kijijini, mwenye ng'ombe akisukasuka maziwa siku ya Ijumaa huwagawia majirani mtindi wa kuteremshia kuskusi, na kazi ya kugawa nyumbani kwa Bibi Mahjouba ilikuwa ya Tuda. Akachukua mkebe, akachota mara mbili, akamimina katika bakuli la jirani. Kando ya mlango ilikuwa imesimama chupa ya jirani mwingine, imeshajazwa.

"Mbona mimi umeninyima?" yule mama akalalamika. "Tazama chupa ya mwenzangu imefika shingoni, mimi bakuli limelowa chini tu!"

"Shangazi, yeye mikebe miwili, wewe mikebe miwili," akasema Tuda.

"Na macho yangu je?"

"Bakuli lako pana, ndiyo maana. Chupa nyembamba. Kama huamini, lete nimimine lako kwenye chupa tupu uone litakapofika."

"Haya, haya! Mdomo huo ulikuwa wapi siku zote?" Jirani akacheka, akachukua bakuli lake, akaenda.

Nikaliweka tonge chini. Sikupata kusikia mkimya yule akisema maneno mengi namna ile kwa mpigo, na kila neno lilikuwa limo katika daftari langu, ukurasa wa arobaini na moja, chini ya kichwa kinachosema mtoto aliyefaulu hueleza hivi.

"Tuda," nikamwita. "Njoo. Siku ile ya chai, kwa nini uliniambia mimi ndiye nina nyingi?"

Akamtazama bibi yake.

"Mjibu mwalimu," akasema bibi.

"Ilikuwa chai yako," akasema Tuda. "Ulikuwa umenikaribisha."

"Ndiyo, kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ningesemaje nina nyingi kukupita? Au niseme tuko sawasawa, mimi na mwalimu?"

"Na nilipouliza mara ya pili?"

"Nilijua unanipima adabu."

Bibi Mahjouba alicheka hadi akajishika ubavu. "Na amefaulu! Mwanangu, wewe kwenu ni wapi hasa?"

"El Hajeb, bibi."

"Na huko El Hajeb watu hawakaribishani?"

"Wanakaribishana, bibi."

"Maana mimi nimekukaribisha hapa, ukasema umeshiba. Nikakukaribisha tena, ukala kiapo. Na tumbo lako nalisikia tangu uvue viatu. Sasa na mimi nikuandike kwa wino mwekundu kwamba hujui kutofautisha njaa na shibe?"

Nikatazama sinia. Nusu niliyoila ilikuwa chakula cha mchana cha wote wawili. Niliona aibu ambayo sijaiona tena tangu siku ile, na nimeshapata nafasi nyingi za kuona aibu. Mimi, niliyelelewa katika nyumba ambayo mtoto akikubali kitu kabla ya kukaribishwa mara tatu alifinywa paja, nilikuwa nimewamiminia watoto chai kwa mkono wangu, nikawauliza nani kapata nyingi, nikategemea kusikia habari za vimiminika. Nyani haoni kundule, ila mimi langu nililipigia chapa na kulituma kwa mkaguzi.

Jioni ile nikafungua daftari kutafuta mahali liliponidanganya. Halikunidanganya. Yule bwana wa Uswisi alikuwa amesema wazi kwamba jibu la mtoto si kitu mpaka umuulize kwa nini, kisha unyamaze umsikilize. Nilikuwa nimepigia mstari maneno hayo mwenyewe. Niliyaruka darasani kwa sababu watoto walikuwa thelathini na mmoja, jiko lilikuwa linazimika, na majibu niliyoyapata yalinipendeza.

Mtu angedhani nilitubu papo hapo. Hapana. Asubuhi yake nilichukua nakala yangu ya orodha, nikaanza kukwangua jina la Tuda kwa wembe taratibu, ili nimhamishie katika wale kumi na wawili bila yeyote kujua. Barua ya Si Maati ilikuwa tamu, sikuwa tayari kuitapika. Si Haddou akaingia ofisini.

"Unafanya nini?"

"Nasahihisha."

"Kwa wembe?"

"Jina moja tu, Si Haddou. La Tuda."

Nikamsimulia. Alisikiliza, akavuta kiti. "Vizuri. Na wale kumi na wanane wengine walilelewa na nani, na mbweha?"

Nikauweka wembe chini.

Tulianza upya pamoja. Safari hii hatukutumia chai wala hatukusema changu na chako. Tulitumia maji ya kisimani, tukawaambia watoto kwamba haya ni ya kunywa ng'ombe wa Si Haddou na yale ni ya punda wake. Ng'ombe na punda hawadaiwi adabu na mtu. Kila mtoto alipojibu, nilimuuliza kwa nini, nikafunga mdomo, jambo lililoniuma kuliko kupasua kuni. Kazi ilichukua wiki mbili. Katika Kundi la Bado, watoto kumi na tano walijua fika kwamba maji ni yale yale, na walinieleza kwa njia ambazo daftari halikuwahi kuzifikiria. Wanne walikuwa kweli bado hawajafika, na kwa hao nadharia ilinisaidia: niliacha kuwaeleza, nikawapa mikebe na chupa wamimine wenyewe kila asubuhi. Na yule kipenzi changu, mtoto wa nesi, nilipomuuliza kwa nini maji yamelingana, alinijibu, "Kwa sababu nikisema hivyo unafurahi."

Nikamwandikia Si Maati kwamba ripoti ni batili. Baada ya siku tano gari lake likapanda kijijini.

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikasirika kwa utulivu, ambako ni kubaya zaidi. "Ripoti nimeshaitaja kwa wakubwa," akaniambia katika ofisi ya Si Haddou. "Sasa unataka niwaambie nini? Kwamba watoto kumi na tisa wameendelea kiakili ghafla kwa sababu ulialikwa kuskusi?"

"Waambie nilikosea, bwana."

"Kosa huthibitishwa. Yule uliyemwandika chini ya hatua ya kwanza, mlete. Nikiridhika, orodha nitaichana. Nisiporidhika, inabaki ilivyo, na wote wanarudia. Na wewe usitie neno."

Nikamleta Tuda. Mezani palikuwa na chai ya mgeni, na Si Maati akalivuta birika. Alikuwa ameisoma ripoti yangu vizuri, bwana yule, alitaka kulirudia jaribio kama nilivyolifanya. Akamimina gilasi mbili. Hii yangu, hii yako. Akaihamishia ya kwake katika chombo kirefu cha maua kilichokuwa dirishani.

"Sasa, binti. Nani ana chai nyingi, mimi au wewe?"

Mimi nilikuwa mwalimu wake tu. Huyu alikuwa mgeni, mwenye mvi, mkubwa wa mwalimu, na alikuwa amemmiminia chai kwa mkono wake. Hakuna mtoto aliyelelewa vizuri katika milima ile ambaye angemwambia mtu kama huyo kwamba wako sawasawa. Tuda alinitazama. Nilitamani hata kukohoa, nisithubutu. Nilimwona Moha na kondoo wake wakipanda mlima, na Tuda nyuma yao, na wino ni wangu.

Aliitazama gilasi yake, akakitazama kile chombo cha maua.

"Zinalingana, bwana," akasema mwishowe, akainamisha kichwa. "Unisamehe."

"Kwa nini zinalingana?"

"Hukuongeza, na hujanywa."

Si Maati akaegemea kiti. Nadhani alikuwa anazuia kucheka, kwa sababu sharubu zilitikisika. "Na kwa nini nikusamehe?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni."

Akamtazama Si Haddou, akanitazama mimi, akachukua orodha yangu yenye wino mwekundu akaichana vipande viwili. "Wote kumi na tisa wanakwenda darasa la pili," akaniambia. "Na wewe unapanda nao, ukawafundishe hesabu ulizowanyima mwaka huu." Kisha akamgeukia Tuda, sasa sauti imelainika. "Na mwalimu wako huyu, anafundisha vizuri?"

Tuda akafikiri.

"Hilo nijibu kweli, au kwa adabu?"

Si Haddou alipaliwa na chai.

"Kweli," akasema mkaguzi.

"Siku hizi anajitahidi. Zamani alikuwa anauliza huku ameshaandika jibu."

Si Maati akanisukumia karatasi nyeupe na kalamu. "Ripoti mpya," akasema. "Anza na hayo, kama alivyoyasema."

Nikaandika neno kwa neno, na Tuda akaja akasimama begani kwangu kuhakikisha sipunguzi kitu.